Bahasha za waandishi kwenye makongamano ya teknolojia: nauli au kufungwa mdomo?

ChumviYaMawe: Wakuu, juzi nilikuwa kwenye kongamano la teknolojia hapa Dar. Mkurugenzi kazindua programu ya malipo, ikagoma mara mbili mbele ya watu. Leo magazeti matatu yana habari ileile ya afisa uhusiano, hadi mkato. Kugoma hakumo. Mlangoni waandishi walikuwa wanasaini "nauli", wengine sambusa zimejaa mkobani. Hiyo ni habari au tangazo?

KalamuKavu: Mimi ni mwandishi. Nimetoka Mbagala alfajiri, mgeni rasmi kafika saa tano. Nile mawe?

ChumviYaMawe: Hoja ni bahasha, siyo sambusa.

KalamuKavu: Sambusa umezileta wewe.

DadaTehama: Mnadhani ughaibuni ni wasafi? Kule hawagawi nauli, wanagawa nafasi. Unapewa simu mpya mapema, unakubali kutoandika hadi saa waliyopanga. Ukivunja, mwakani huitwi. Na 2013 kwenye CES, yale maonyesho makubwa ya teknolojia, tovuti ya habari ya CNET ndio walikuwa waamuzi wa tuzo rasmi. Wakachagua kifaa cha Dish, kampuni ya TV ya setilaiti; CBS, kampuni ya televisheni iliyomiliki CNET wakati huo, wakazuia, maana walikuwa na kesi na Dish. Mwandishi mmoja akaacha kazi.

Kijiweni: Hiyo si ya Barcelona?

DadaTehama: Maonyesho ya Barcelona ni ya simu, kaka. CES ni Las Vegas.

MtotoWaIlala: Ila wenzetu kugoma wanaandika. 2010 Steve Jobs anaonyesha iPhone 4, waifai ikamgomea jukwaani, akaomba ukumbi uzime za kwao. Nani hakusoma?

KalamuKavu: Yule aliyeandika ana mshahara. Mimi nalipwa habari ikitoka. Kampuni ndiyo inanunua ukurasa wa nyuma, mhariri atatoa "Programu yagoma"? Thubutu.

ChumviYaMawe: Kwa hiyo unakiri.

KalamuKavu: Nakiri sambusa mbili.

Kijiweni: Mbili na mkoba umetuna vile?

KalamuKavu: Hunijui, usinizoee.

MzeeWaMabango: Mimi nipo upande wa uhusiano. Tukituma taarifa bila kuita mtu, haitoki. Tukiita bila nauli, anakuja mmoja, tena anaomba chaji. Tunaiandika kama habari iliyokwisha kwa sababu dawati halina mtu wa kuigusa. Mnatulaumu sisi kwa njaa ya vyumba vyenu vya habari.

ChumviYaMawe: Na kugoma kwa programu mngekuandika wapi?

MzeeWaMabango: Sikuwepo, mkuu.

Kijiweni: Zilikuwa za nyama?

KalamuKavu: Dengu. Nyama yote iliishia meza kuu.