Fuga 250GT (Y51) ipo yadi miezi minne: tatizo bei au gari lenyewe?

mtaa_wa_pili
Wadau, habari za majukumu. Nina Nissan Fuga 250GT, bodi Y51, mwaka 2011, namba E, kilomita 98,000, siti za ngozi, rimu inchi 18. Ipo yadi hapa Dar mwezi wa nne sasa. Watu wanaingia ndani, wanasifia utulivu na ngozi, kisha wanauliza kama yadi ina Toyota Crown. Aliyefika mbali zaidi alitaja bei ambayo haifiki robo tatu ya Crown Athlete ya mwaka huohuo. Nikilinganisha vifaa, sioni Fuga inapopungukiwa. Naomba kujua: bei halali ya gari linalouzwa kwa nadra hivi hupimwaje? Na nirekebishe nini kabla ya kushusha bei?

dalali_magomeni
Mkuu, mteja wako halinganishi ngozi na ngozi. Anapiga hesabu ya siku atakayotaka kuliuza yeye. Crown ya S200 (bodi ya miaka hiyo) yenye injini ya 4GR-FSE inachangia spea na Mark X, na Mark X zimejaa mji mzima. Koili, sensa, rejeta, hata injini nzima ya mtumba, anaipata kabla ya adhuhuri. Kwa Fuga anajua ataagiza na kusubiri. Ile tofauti ya bei unayoiona ni malipo ya huko kusubiri, haina uhusiano na ubora wa gari.

Usimtajie mteja ulilipa ushuru kiasi gani. Gari la zaidi ya miaka kumi linabeba ule ushuru wa uchakavu wa TRA, lakini Crown ya 2011 nayo iliubeba, na zote mbili zimevuka cc 2000. Ushuru umekupandishia gharama wewe, thamani sokoni haikupanda kwa sababu hiyo.

Kupima bei fanya hivi. Kusanya matangazo ya Fuga Y51 zote unazoziona, uongeze Nissan Skyline V36 250GT ya milango minne, maana injini ni ileile VQ25HR. Hata sita au saba zinatosha. Andika bei, kilomita, namba na tarehe. Baada ya wiki mbili rudi uangalie. Zilizobaki kwa bei ileile zinakuonyesha bei ambayo soko limeikataa, kwa hiyo usijipime nazo. Zilizoondoka ndizo za kufuata: piga simu, uliza kama kweli imeuzwa, na kama muuzaji ni muungwana atakwambia iliishia kwenye bei gani.

Kisha hesabu gharama ya kukaa. Tuseme gari ni milioni 22, na pesa hiyo ingekuzalishia asilimia 1 kwa mwezi kwenye shughuli nyingine. Hiyo ni 220,000 kila mwezi, miezi minne 880,000, bado kodi ya yadi, bima na betri inayokufa kwa kusimama. Aliyeshusha milioni moja mwezi wa kwanza kakushinda.

Ukishusha, shusha mara moja kwa kiasi kinachoonekana. Ukipunguza laki mbili kila wiki, madalali wote wanajua unabanwa, na watasubiri ushuke tena.

fundi_VQ
Naongezea upande wa injini, kwa sababu hapo ndipo Fuga nyingi zinapoteza bei bila kosa.

VQ25HR ni injini imara, ya cheni. Hofu ya wanaoijua familia hii ya HR ni gasketi ya njia za oili iliyo nyuma ya kava la mbele la cheni. Kwenye injini nyingi za awali gasketi hiyo ni ya karatasi. Ikichanika, oili inarudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kabla ya kufika juu, na kwa kuwa mfumo wa kurekebisha majira ya kemshafti (shafti inayofungua valvu) unategemea presha ya oili, unaanza kupata misimbo ya hitilafu P0011 na P0021, gari linazubaa ukikanyaga, na wakati mwingine linazimika ukisimama kwenye taa nyekundu. VQ37VHR (ile ya 3.7) ndiyo inayosifika zaidi kwa ugonjwa huu, lakini mteja makini atauliza hata kwenye 2.5.

Usibishane naye, mpimie. Endesha dakika 20 oili ipate moto kweli, toa swichi ya presha ya oili, funga geji ya mkono. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa isishuke chini ya bar 1, na kwenye mizunguko 2000 iwe karibu bar 3 au zaidi. Piga picha ya geji pamoja na dashibodi inayoonyesha kilomita. Usipime gari likiwa baridi, oili nzito itakupa namba nzuri ya uongo.

Presha ikiwa mbovu, kava la mbele linatoka, na hiyo ni kazi ya siku mbili tatu. Weka gasketi ya chuma. Hapohapo badilisha wota pampu, kwa sababu kwenye VQ inazungushwa na cheni na iko ndani ya kava hilohilo. Ukiiacha ya zamani, ikianza kuvuja unalipa ufundi ule mara ya pili.

Mengine ni madogo ila ndiyo yanayofukuza wateja. Injini hii ina throto (mlango wa hewa) mbili na sensa mbili za hewa. Fundi akisafisha throto bila kuifundisha upya kompyuta ya gari kwa mashine ya uchunguzi, gari likisimama linaunguruma juu, mizunguko 1,200 au zaidi, na mteja anaondoka akiamini injini imekufa. Giaboksi ya gia 7 inataka oili ya Matic S. Aliyeweka Matic D au J kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani amejitafutia gia za kugonga. Mbele sikiliza bushi za lower arm kwenye matuta. Sauti moja ya "tok" inakugharimu zaidi ya bei ya bushi yenyewe.

Na usidanganywe na wauza rimu: nafasi ya bolti ni 5x114.3 sawa na Crown, lakini tundu la katikati la rimu ya Toyota ni 60.1 na habu ya Nissan ni 66.1. Haiingii mpaka ichongwe. Zako za inchi 18 ziache. Tairi ni 245/50, na zinavumilia barabara zetu kuliko zile 245/40 za inchi 20 za Type S.

kisauni_juu
Nikiwa Mombasa, niongeze la kutofautisha, kwa sababu watu huziweka Fuga zote kapu moja na hilo laumiza bei ya 2.5. Namba ya bodi huanza na herufi: Y51 pekee ni 2.5, KY51 ni 3.7, KNY51 ni 3.7 ya magurudumu manne, HY51 ni haibridi. Kwetu Kenya 370GT yenye cc 3696 huvuka mstari wa 3000 na kupigwa ushuru wa bidhaa wa juu zaidi. Haibridi nayo ina VQ35HR, betri ya lithiamu, na giaboksi isiyo na tokikonveta (kifaa cha mafuta kinachounganisha injini na gia), hufanya kazi kwa klachi mbili. Ikianza kuruka ruka, mafundi wa kuielewa ni wachache mno. Kwa hivyo andika "Y51, 2.5, si haibridi" juu kabisa ya tangazo lako. Mnunuzi aliyesikia hadithi za betri ataendelea kusoma.

Kuhusu spea, taja haya kwenye tangazo: injini na giaboksi familia moja na Skyline V36 za gia 7, na gari zima ni ndugu wa Infiniti (chapa ya kifahari ya Nissan) M37, baadaye Q70, na Mitsubishi Proudia ya kuanzia 2012. Sharjah, kule Emirati, huvunjwa Infiniti nyingi. Tahadhari moja tu: za Ghuba ni za usukani wa kushoto, kwa hivyo dashibodi, stiaring raki na taa za mbele usinunue. Taa zile humulika upande usio wetu. Bonati, fenda na vyuma vya chini linganisha namba ya kipuri kabla ya kulipa.

mtaa_wa_pili
Nashukuru sana. Taa ya injini haiwaki na sisikii kelele yoyote. Je, nibadilishe hiyo gasketi kabisa kabla ya kuuza ili nipandishe bei?

fundi_VQ
Hapana. Presha ikiwa nzuri usifungue kava. Injini iliyofunguliwa huwatia watu shaka, na silikoni ikionekana kwenye kingo za kava utaulizwa ilipigwa nini. Pima, badilisha oili lita 5 na filta, safisha throto na uzifundishe upya, badilisha bushi kama zinagonga. Kilomita 98,000 pia ni muda wa plagi sita. Zikishatoka, onyesha za zamani kwenye picha, rangi yake inaeleza injini inachoma vipi.

dalali_magomeni
Weka pamoja karatasi ya mnada wa Japani, picha ya geji, risiti ya Matic S na funguo mbili. Ufunguo wa pili ukikosekana, mteja anakata bei ya kutengeneza mwingine na kuongeza juu. Kisha litoe gari yadi. Yadi inaleta wapita njia wanaotafuta Crown, na wewe unamtafuta mtu mwenye Skyline V36 anayetaka gari kubwa zaidi. Huyo fundi wake anaijua VQ tayari, kwa hiyo hatakukata bei kwa hofu ya spea. Anza chini kidogo ya Crown, si sawa nayo, na bei ya mwisho iamue leo kabla simu hazijaanza.