Moyo wa mbuzi: mbona kushoto kunene hivi?

TabibuMtarajiwa: Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa kwanza wa utabibu. Nimenunua moyo wa mbuzi buchani nikaupasua nyumbani, maana chuoni tuna modeli moja ya plastiki darasa zima. Ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini kinachosukuma damu, ukuta wake mnene, umekaza. Ya kulia nyembamba, inakunjika. Lakini si damu ileile inapita pande zote? Anatomia, yaani umbo la mwili, ndiyo tunasoma sasa; fiziolojia, yaani kazi zake, muhula ujao. Nisubiri?

NesiMstaafu: Marahaba mwanangu. Usisubiri hata siku moja. Harvey, daktari Mwingereza, alieleza mzunguko wa damu mwaka 1628 kwa kuuliza vali (vilango) za kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, zina kazi gani. Kapilari, mishipa midogo kabisa inayounganisha ateri na vena, hakuwahi kuziona. Malpighi, daktari Mwitaliano, ndiye aliyeziona kwa hadubini mwaka 1661, kwenye mapafu ya chura. Aliyeangalia umbo na aliyefuata kazi walikuwa wanahitajiana.

Kiasi cha damu ni sawa, presha ndiyo tofauti. Kulia kunasukuma hadi mapafuni tu, hapo jirani, na milimita 25 hivi za zebaki zinatosha. Kushoto kunafikisha damu ubongoni, kwenye figo, hadi unyayoni: 120 hivi.

Nilifanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, na hili halijawahi kunichosha: mtoto anazaliwa kuta hizo zikikaribiana unene! Tumboni mapafu hayajaanza kazi, kwa hiyo damu nyingi ya kulia inavuka kwa mshipa mfupi kuingia kwenye aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Pande zote mbili zinahudumia mwili. Akishavuta pumzi, mapafu yanafunguka, kulia kunapumzishwa mzigo, na kushoto kunaendelea kuneneka.

BwanaMifugo: Naongezea twiga. Presha yake ni kama mara mbili ya yetu, sababu ubongo uko juu sana. Ndama wake shingo ikirefuka, ukuta wa kushoto nao unaneneka.

TabibuMtarajiwa: Asanteni sana. Basi mgonjwa wa presha moyo wake una nguvu zaidi?

NesiMstaafu: Hapana, na hapo uwe makini. Ukuta unaneneka lakini unakuwa mgumu, haulegei vizuri kupokea damu. Ndiyo maana mgonjwa anahema akipanda ngazi wakati bado moyo unasukuma vizuri tu. Ukimpokea, usiishie kwenye kipimo cha presha cha mkononi. Muulize analala na mito mingapi, na mwangalie miguu kama imevimba.