Wi-Fi ya chuo kikuu: kidhibiti cha ndani, usimamizi wa wingu, au kila kituo kijitegemee?

MsimamiziWaMtandao (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu. Chuo chetu kinapanga upya mtandao wa Wi-Fi katika majengo yote: kumbi za mihadhara, maktaba, maabara, ofisi na mabweni. Vituo vya Wi-Fi vilivyopo viliongezwa kimoja kimoja kadiri malalamiko yalivyojitokeza, kila kimoja kikawekewa mipangilio yake kwa mkono, na sasa kubadilisha nenosiri moja ni kazi ya kuzunguka jengo kwa jengo.

Tunalinganisha njia tatu. Ya kwanza ni kununua kidhibiti kikuu kitakachokaa katika chumba chetu cha seva na kuviongoza vituo vyote. Ya pili ni usimamizi wa wingu, ambapo mipangilio yote hufanywa kupitia kivinjari na seva za usimamizi ni za mtengenezaji wa vifaa. Ya tatu ni kubaki na vituo vinavyojitegemea, lakini tuwe na programu yetu ya kuvisambazia mipangilio kwa pamoja. Ningependa kusikia kutoka kwa waliosimamia mitandao mikubwa: ni vigezo gani hasa vinapaswa kuamua?

FundiMawimbi

Ndugu mwanzisha mada, swali lako ni zuri, ila liko swali jingine linalopaswa kulitangulia. Kidhibiti, kiwe cha ndani au cha wingu, hakiongezi masafa ya redio. Kinachogawanywa katika Wi-Fi ni muda wa hewani: kifaa kimoja kinaporusha katika chaneli fulani (kipande cha masafa hayo), vingine vyote vinavyokisikia sharti vingoje, hata kama vimeunganishwa na kituo cha jirani. Tatizo hili lilijulikana tangu ALOHAnet, mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Hawaii, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1971. Vifaa vyake vilirusha bila kusikiliza kwanza, na hesabu ilionyesha kwamba kwa utaratibu huo chaneli haiwezi kutumika kwa manufaa kupita takriban asilimia 18. Vifaa vya leo husikiliza kabla ya kurusha, lakini bado vyote vinagombea hewa ileile.

Anzeni basi na chaneli. Bendi ya 2.4 GHz ina chaneli 3 tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Bendi ya 5 GHz ina nafasi kubwa zaidi, ila nafasi hiyo huisha upesi mkitumia upana wa MHz 80 katika jengo lenye vituo vingi. Kwenye kumbi tumieni MHz 20, na mahali penye watu wachache MHz 40, kwa sababu chaneli nyingi nyembamba zisizogongana huhudumia umati vizuri kuliko chaneli chache pana zinazogombaniwa.

Jambo la pili, ambalo kamati nyingi hazilioni kabisa, ni idadi ya majina ya mtandao. Kila kituo hutangaza kila jina mara kumi hivi kwa sekunde, na matangazo hayo hutumwa kwa kasi ndogo kuliko zote zilizoruhusiwa. Chukueni tangazo la baiti 250 linalotumwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde: linachukua zaidi ya milisekunde 2. Vituo 4 vinavyosikiana katika chaneli moja, kila kimoja kikiwa na majina 5 (wanafunzi, wahadhiri, wageni, maktaba, utawala), hutoa matangazo karibu 200 kila sekunde, na hivyo zaidi ya asilimia 40 ya muda wa hewani imekwisha kabla mwanafunzi hata mmoja hajafungua ukurasa. Zimeni kasi za chini ili matangazo yaanzie megabiti 12, na mzigo huohuo hautafika asilimia 5. Mkipunguza majina yakawa mawili au matatu, utashuka tena.

Angalieni pia mahali vituo vinapofungwa. Mazoea ya kuvipanga kwenye dari ya korido yanapendwa na wavuta kebo kwa sababu kazi huisha upesi. Lakini koridoni hakuna kizuizi, kwa hiyo vituo vinasikiana kutoka mwanzo hadi mwisho wa jengo, ilhali mwanafunzi aliye chumbani anapata mawimbi yaliyokwisha kudhoofishwa na ukuta. Fungeni vituo ndani ya vyumba vinavyotumika, punguzeni nguvu ya kurusha, kisha pimeni kwa kifaa dhaifu kinachofanana na simu za wanafunzi. Lengo zuri ni kupata angalau dBm -67 pale mtu anapoketi (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyokaribia sifuri, ndivyo yanavyokuwa na nguvu).

MlinziWaSeva

Nakubaliana na FundiMawimbi kuhusu hewa, ila sikubali kwamba kidhibiti kinaweza kusubiri hadi mwisho. Mpango mzuri wa chaneli na nguvu hauna maana ikiwa hakuna namna ya kuhakikisha kwamba vituo mia kadhaa vinaufuata leo, na bado vitaufuata baada ya kituo kilichoungua kubadilishwa na fundi wa zamu. Hapo ndipo njia ya tatu inapolegea. Inawezekana kabisa, na katika chuo chenye majengo machache ni ya nafuu, lakini programu ya kusambaza mipangilio huandikwa na mtu mmoja au wawili, na wakihama kazi hakuna anayeielewa.

Kuhusu kidhibiti cha ndani, ulizeni mapema data za watumiaji zitapita wapi. Katika mfumo mmoja, kila kituo hufungasha data zote na kuzipeleka kwa kidhibiti, ambacho ndicho huzitoa kwenye mtandao wa chuo. Faida yake ni kwamba kanuni za usalama zinakaa mahali pamoja, na mwanafunzi anayetembea kutoka maktaba hadi maabara hubaki na anwani yake ileile ya IP. Gharama yake ni kwamba kidhibiti kinakuwa mlango mmoja wa chuo kizima, kwa hiyo nunueni viwili, na msiviweke katika chumba kimoja chenye umeme mmoja. Katika mfumo mwingine, data huingia kwenye mtandao wa chuo kupitia swichi ya jengo husika (kifaa kinachounganisha kebo za jengo) na kidhibiti hubaki na kazi ya kuongoza tu.

Kuhusu wingu, wengi hudhani kwamba data za wanafunzi hupita kwa mtengenezaji. Kwa kawaida sivyo: kinachokwenda huko ni mipangilio, takwimu na kumbukumbu za matukio. Laini ya intaneti ikikatika, vituo huendelea kuhudumia kwa mipangilio ya mwisho, ila hamtaweza kubadilisha chochote hadi irudi, na ukurasa wa kuingilia uliowekwa kwenye wingu hautafunguka. Linalonitia wasiwasi zaidi ni leseni. Someni mkataba mpaka mjue kwa hakika nini hutokea leseni zikiisha muda bajeti ikiwa imechelewa, kwa kuwa baadhi ya vifaa huacha kusimamiwa na vingine huacha kufanya kazi kabisa.

DawatiLaMsaada

Naongeza upande wa watumiaji, kwa sababu malalamiko yote hutufikia sisi. Vyovyote mtakavyochagua, msijenge mtandao wa wanafunzi juu ya ukurasa wa kuingilia unaokumbuka kifaa kwa anwani yake ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa). Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hutumia anwani za kubuni kwa kila mtandao, hivyo mwanafunzi anayefuta mtandao kwenye simu yake na kujiunga upya huweza kuonekana kama mgeni. Ukurasa huo uachieni wageni.

Kwa wanafunzi na watumishi tumieni 802.1X (utaratibu wa kumtambua kila anayejiunga) pamoja na seva ya RADIUS (inayohakiki akaunti), kila mtu aingie kwa akaunti yake. Mkifika hapo, kujiunga na eduroam, mtandao wa Wi-Fi wa pamoja wa vyuo, ni hatua fupi: ulianza Ulaya mwaka 2003, sasa uko katika nchi zaidi ya 100, na mhadhiri wenu akitembelea chuo kingine kilichojiunga huunganishwa kwa akaunti ya nyumbani bila kuomba nenosiri. Ila lazima kila kifaa kikague cheti cha seva ya RADIUS. Mtumiaji akiambiwa “bonyeza tu kubali”, mtu yeyote mwenye kituo bandia chenye jina lilelile anaweza kuvuna taarifa za kuingilia. Toeni programu ndogo ya kusanidi simu na laptopu, muisambaze wakati wa usajili, kabla wanafunzi hawajaanza kufundishana njia za mkato.

FundiMawimbi

Nimeisoma hoja ya MlinziWaSeva na naikubali kwa chuo chenye majengo mengi. Naomba tu mipangilio ya chaneli ya kujiendesha yenyewe iwekewe mipaka: wekeni kiwango cha chini na cha juu cha nguvu, na mabadiliko yafanyike usiku. Kumbukeni pia kwamba uamuzi wa kuhama kituo hufanywa na simu. Kidhibiti huweza kuishauri, lakini simu iliyong’ang’ania kituo cha mbali itaendelea kula muda wa hewani wa wengine.

MsimamiziWaMtandao

Nawashukuru sana. Nitapendekeza kwa kamati kidhibiti cha ndani, viwili katika majengo mawili tofauti, data za mabweni zipitie kwenye swichi za mabweni, na majina ya mtandao yawe mawili tu: eduroam na la wageni. Upimaji wa mawimbi utafanyika kabla ya zabuni ya vifaa ili idadi ya vituo itokane na vipimo.

Limebaki suala la umeme wa vituo, ambao hupita kwenye kebo ileile ya mtandao kutoka kwenye swichi. Swichi zetu nyingi hutoa wati 15.4 tu kwa kila mlango, nami naona vituo vipya vya bendi tatu huomba hadi wati 30.

MlinziWaSeva

Ziingizeni swichi hizo katika bajeti hiihii. Kituo kisichopata umeme wa kutosha mara nyingi huwaka bila kulalamika, kisha huzima redio moja au hupunguza nguvu, nanyi mtatafuta kosa hewani ilhali liko kwenye swichi. Kagueni jumla ya wati za swichi nzima pia, wala si za mlango mmoja peke yake, na hakikisheni hakuna kebo inayozidi mita 100 kutoka swichi hadi kituo.