Mchawi wa levo ya kwanza: elfi, nomu, tiflingi au dwafu?

MpigaDadu_Jinja
Wakubwa, habari za jioni. Mwisho wa mwezi tunaanza hadithi mpya ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, hapa Jinja na mimi ndiye mchawi wa kundi. Tunatumia sheria za 2014, ule waraka wa bure uliowekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwaka 2023. Tuliuchapisha Nasser Road, Kampala, bila wasiwasi wa kuvunja haki ya mtu. Viwango vya mhusika, yaani Akili, Uimara na vinginevyo, tunanunua kwa pointi 27.

Kwa asili ya mhusika wangu, nasita kati ya elfi wa juu na nomu wa mawe. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba mchawi asiyeanza na Akili 17 ni mzigo kwa kundi. Mwingine anasema nichukue binadamu, niache kujisumbua. Naomba mnilinganishie, hasa ninyi mnaoendesha meza na mmeona wachawi wanavyokufa.

Kitara_DM
Mdogo wangu, hapo mwisho ndipo pa kuanzia: wachawi wanakufaje?

Hilo la Akili 17 tuliondoe kwanza. Akili 16 na 17 zote zinakupa +3 ya kuongeza kwenye dadu, pointi ya ziada inakaa bure hadi levo ya nne unapoongeza viwango. Hata ukishuka hadi 15, yaani +2, umepoteza uso mmoja tu wa dadu ya pande 20. Sijawahi kuona mchawi amezikwa kwa sababu ya uso huo mmoja. Ninaowaona wakizikwa wanakufa kwa uhai mdogo, au wanagandishwa na uchawi wa adui kisha wanamalizwa wakiwa wamesimama pale pale.

Dadu ya uhai ya mchawi ni ya pande 6. Ukiwa na Uimara 14 unaanza na uhai 8. Mshale wa goblini ni dadu ya pande 6 kuongeza 2, kwa hiyo mishale miwili ikikupata, kwa kawaida uko chini.

Sasa fanya manunuzi. Nomu wa mawe anaongeza Akili 2 na Uimara 1. Nunua Akili 14, Uimara 15, Wepesi 14, Busara 12, vingine viache kwenye 8. Unatoka na Akili 16, Uimara 16, uhai 9. Elfi wa juu anaongeza Wepesi 2 na Akili 1. Nunua Akili 15, Wepesi 14, Uimara 14, Busara 12. Unatoka na Akili 16, Wepesi 16, uhai 8. Akili ni ileile! Kinga ni namba ambayo adui lazima aifikie ili akupige. Ukitamka deraya ya kichawi, ambayo ni 13 kuongeza Wepesi, elfi ana kinga 16 na nomu 15. Elfi anakwepa zaidi, nomu anastahimili zaidi.

Mimi nasema nomu, kwa sababu ya sifa moja: anapojinusuru, yaani anapotupa dadu ili kuepuka uchawi, kwa Akili, Busara au Mvuto, anatupa dadu mbili na kuchukua kubwa. Uchawi wa kumgandisha mtu unapimwa kwa Busara. Wa kutisha, Busara. Wa kumfukuzia mtu ulimwengu mwingine, Mvuto. Adui zangu wengi wakubwa wanatumia hivyo, na kila nikikuta nomu mezani inabidi nipange upya.

DadaNtinda
Kaka Kitara, hesabu yako naikubali, ila umeupita upinde kimya kimya na ndio unaomfanya elfi awe elfi.

Elfi wa juu anajua kutumia upinde mrefu. Kwa Wepesi 16 anapiga kwa +5 na anaumiza dadu ya pande 8 kuongeza 3, wastani 7.5, kutoka futi 150. Kombora la moto, kantripu (tamko dogo unalorusha bure kila zamu) ambayo kila mchawi anaikimbilia, nalo linapiga kwa +5 lakini linaumiza dadu ya pande 10 tupu, wastani 5.5, na linafika futi 120. Kwa hiyo levo ya kwanza hadi ya nne elfi mwenye upinde anaumiza kuliko mchawi mwenzake anayetegemea kantripu, na hajagusa nafasi hata moja ya uchawi, yaani zile mara chache za kuroga matamko makubwa kwa siku. Levo ya kwanza una nafasi mbili tu, Jinja, na moja tayari umeila kwa deraya! Bei ya upinde ndiyo tatizo, vipande 50 vya dhahabu. Anza na ule mfupi wa 25.

Kuanzia levo ya tano kombora linakuwa dadu mbili na upinde unapumzika. Lakini meza nyingi hapa Kampala zinavunjika kabla ya kufika huko. Mtu anapata kazi Mbarara, mitihani inaingia, hadithi inaishia levo ya tatu. Chagua kitu kitakachokufaa katika levo ambazo kweli mtazicheza.

Elfi pia halazwi usingizi kwa uchawi. Katika sheria za 2014 uchawi wa usingizi wa levo ya kwanza unatupa dadu tano za pande 8 na kulaza viumbe wenye uhai ndani ya jumla hiyo, bila kujinusuru. Nomu wako mwenye uhai 9 hapewi hata dadu moja ya kujitetea, kwa sababu hakuna cha kujinusuru. Elfi anaendelea kusimama.

Kitara_DM
Hilo la usingizi ni kweli kabisa, dada. Sina jibu.

Mwalimu_Mbale
Naongeza jambo ambalo wachezaji wapya hulichelewesha: kushikilia uchawi. Matamko mengi mazuri ya mchawi yanadumu tu ukiwa makini. Ukiumizwa unajinusuru kwa Uimara dhidi ya 10, au nusu ya maumivu ikiwa ni kubwa zaidi. Mwenye Uimara 14 anafaulu mara 13 katika 20, mwenye Uimara 16 mara 14. Ndiyo maana mimi Uimara nauweka mbele ya Wepesi. Uchawi ukikatika katikati ya vita, nafasi imekwenda na zamu uliyoutamka nayo imekwenda.

Halflingi naye asidharauliwe kwa kuwa haongezi Akili. Kila anapopata 1 kwenye dadu ya pande 20 ya kupiga, ya kujaribu jambo au ya kujinusuru, anatupa tena. Hiyo inaingia hata kwenye kushikilia uchawi.

Na tiflingi mbona hamjamtaja? Anaongeza Mvuto 2 na Akili 1, kwa hiyo Akili 16 anaifikia. Ule Mvuto haumsaidii mchawi wa vitabu, huo ni wa mlozi au waloki, warogi wa aina nyingine. Lakini moto unamuumiza nusu. Tazameni levo ya tano, ambapo maadui huanza kurusha mpira wa moto: dadu nane za pande 6, wastani 28. Elfi wa Kitara wakati huo ana uhai 32, nomu ana 37. Wakishindwa kujinusuru wanabaki wanachechemea, na ule ujanja wa nomu hausaidii kwa sababu mpira wa moto unapimwa kwa Wepesi. Tiflingi anaumia 14 na kuendelea na kazi. Kama mwendesha mchezo wenu anapenda majoka mekundu na mashetani, hili lifikirie sana.

AruaKwetu
Dwafu wa vilimani. Uimara +2, na uhai mmoja wa nyongeza kila levo. Akili inabaki 15, haidhuru. Uhai 10 levo ya kwanza, 42 levo ya tano. Sumu inamuumiza nusu.

Kwenye meza yetu madwafu wanaishi chini ya Rwenzori, wanachimba shaba kama ile ya Kilembe, na mchawi wao anasomea uchawi kwenye kuta za mgodi badala ya vitabu. Mwendesha mchezo alitunga hayo yote kwa sababu mchezaji alichagua dwafu. Hesabu zenu ni nzuri, lakini mhusika mwenye kwao hukumbukwa, na kundi zima hujitahidi asife.

MpigaDadu_Jinja
Asanteni sana. Mwalimu, hapo kwa tiflingi sikuwa nimepafikiria. Maswali mawili. Kuna mtu aliniambia dwafu wa mlimani anavaa deraya ya chuma huku akiroga, ni kweli? Na yule binadamu anayeanza na kipaji, yaani uwezo maalumu wa ziada, nimemtafuta kwenye karatasi zetu zote sijamwona.

Kitara_DM
Humwoni kwa sababu hayumo. Waraka wa bure una dwafu wa vilimani, elfi wa juu, nomu wa mawe, na binadamu wa kawaida anayeongeza 1 kila mahali. Dwafu wa mlimani, nomu wa msituni na binadamu wa kipaji wako kwenye kitabu kamili cha 2014, na kitabu hicho si rahisi kukipata huku kwetu.

Dwafu wa mlimani, ndiyo, anafundishwa deraya nyepesi na ya kati, na aliyefundishwa deraya anaweza kuroga ndani yake. Akiwa na Wepesi 14 na deraya ya magamba ana kinga 16 kutwa nzima bila kutumia nafasi. Mkikipata kitabu, mimi namweka juu ya wote waliotajwa hapa. Binadamu wa kipaji anafuata: akichukua kipaji cha Mchawi wa Vita anatupa dadu mbili kila anaposhikilia uchawi, na zile mara 13 katika 20 za Mwalimu zinakaribia 18. Yule wa kawaida mwache. Haoni gizani na hana sifa yoyote ya kumlinda.

DadaNtinda
Na kama kundi halijaanza, waulize kuhusu sheria za 2024. Nazo zina waraka wa bure tangu 2025. Humo nyongeza za viwango hazitoki tena kwenye asili ya mhusika, zinatoka kwenye maisha yake ya awali. Msomi anaweka 2 kwenye Akili na 1 kwenye Uimara, awe dwafu, elfi au tiflingi. Ubishi wote wa Akili 16 na 15 unakwisha, mnabaki kulinganisha sifa peke yake. Nomu naye anatembea futi 30 kama wengine. Kwa sheria zenu anatembea 25, na hiyo utaihisi siku ya kukimbia.

MpigaDadu_Jinja
Nimemuuliza mwendesha mchezo wetu. Tunabaki na 2014 kwa sababu karatasi tumeshachapisha, na amesema adui mkuu ni mchawi mzee wa kisiwani anayetawala akili za watu. Nachukua nomu wa mawe.

Kitara_DM
Vizuri. Basi weka tamko la ngao kati ya matamko sita unayoanza nayo, na usisimame mbele ya mtu mwenye upinde.