Maikrofilamu za maktaba: niskani au niachane nazo? Naombeni ushauri

Mkutubi Mchovu: Wakuu, habari za jioni. Nimebanwa. Ni mkutubi kwenye taasisi moja hapa Dar, jina niachieni. Tuna makabati mawili ya maikrofilamu za magazeti ya zamani (roli za filamu zenye picha ndogo sana za kurasa), pamoja na maikrofishi (picha hizohizo ila kwenye kadi bapa). Mashine ya kusomea globu imeungua kitambo, hakuna anayezigusa. Bosi anataka chumba kiwe cha kompyuta. Kuna skana ya bei nafuu ya roli za milimita 35? Na hivi ni lazima kuzitunza?

Fundi Redio: Globu tu? Soma volti na wati kwenye kitako, nenda Kariakoo. Mimi nilifufua projekta ya parokia kwa globu ya taa ya gari, padri akanipa mbuzi. Yule mbuzi alikuwa mkorofi, nitawasimulia siku nyingine.

Mama Nasra: Nilizitumia nikiandika tasnifu. Unazungusha mkono, kurasa zinakimbia, kichwa kinagonga. Tupa!

Mzee wa Nyaraka: Taratibu, mama. Kadi moja ya maikrofishi, saizi ya postikadi, inaweza kubeba kurasa 98. Mleta uzi, magazeti ya karatasi bado mnayo? Na ukifungua kopo la filamu linanuka nini?

Mkutubi Mchovu: Karatasi zilitupwa baada ya kupigwa filamu, kabla sijaajiriwa. Harufu… kabati la kushoto lina siki kidogo. Ila mimi nimeuliza skana, sio harufu.

Chipsi Dume: Siki ipo, bado kachumbari 😂

Mzee wa Nyaraka: Hiyo siki ndiyo jibu lako. Filamu za zamani za plastiki ya asetati zikianza kuoza hutoa asidi, na asidi hiyo inaharakisha uozo wa makopo ya jirani. Filamu inasinyaa, inajikunja, mwisho hakuna mashine itakayoipitisha. Tenga kabati la kushoto leo hii, weka penye ubaridi na ukavu. Za plastiki ya poliesta hazina ugonjwa huo, zikitunzwa vizuri zinahesabiwa karne. Skana ya bei mbaya achana nayo: kamera yenye lenzi ya kupiga karibu na meza ya mwanga vinatosha kuanzia. Pia ulizia Center for Research Libraries, muungano wa maktaba ulioko Chicago. Mradi wao wa CAMP unakusanya maikrofilamu za Afrika tangu 1963, huenda nakala wanayo.

Binti Makongo: Mkuu, mbona una haraka hivyo? Kuna kitu hujasema.

Mkutubi Mchovu: Haya. Kuna mnunuzi wa chakavu anazitaka, anasema anachuja madini ya fedha yaliyomo kwenye filamu. Bosi ameshapokea kishika uchumba, lori linakuja Jumatatu, na makabidhiano nimesaini mimi. Lakini jamani, chumba chenyewe kinavuja! Wanafunzi wanataka intaneti. Nyie mngefanyaje?

Mtumishi wa Bwana: Mali ya taasisi ina utaratibu wa kufutwa. Ulisaini kama nani? Mungu anakuona, na mkaguzi anakuja.

Sina Mbavu: Hii chai, tena ya rangi. Mwanzo ulikuwa hujui kama zitunzwe, kumbe umeshauza! Halafu mnunuzi gani wa fedha anabeba zote? Maikrofishi za bluu ni diazo, nakala za kutumia rangi, hazina hata chembe ya fedha. Weka picha.

Chipsi Dume: Nilijua tu. Kila mwezi mtumishi mwema na bosi mbaya.

Mama Nasra: Na mimi nilishaanza kumhurumia, loh.

Mkutubi Mchovu: Picha siweki, kazini watanijua. Nimeshuka kuangalia: roli ni nyeusi na kijivu, maikrofishi kweli za bluu. Mnunuzi hakufungua hata kopo moja. Alipandisha kabati zima kwenye mzani, akapiga hesabu.

Sina Mbavu: Hakufungua?

Mzee wa Nyaraka: Anayetaka fedha angefungua, akachagua. Hayo makabati ni ya nini?

Mkutubi Mchovu: Chuma. Yale mazito ya zamani, watu sita hawaliinui moja.

Fundi Redio: Kilo ya chuma chakavu siku hizi imepanda, nawaambia.

Binti Makongo: Dada au kaka, soma ile karatasi uliyosaini.

Mkutubi Mchovu: Imeandikwa "makabati na vilivyomo".