Ulinganisho: Haller Park, Forest Trails au Kaya Kinondo kwa mgeni anayetaka kuona miti?

Binti Mvita (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 74 na aliyefundisha somo la kilimo kwa muda mrefu huko Bungoma, atafika Mombasa baada ya wiki mbili, na amekwisha kuniambia kwamba hataki kupelekwa ufukweni, bali mahali penye miti ambapo anaweza kutembea polepole, kupumzika kivulini na kuuliza maswali. Wanangu wawili, wa miaka 6 na 9, watafuatana nasi. Nimebaki na chaguo tatu: Haller Park na Forest Trails, ambazo zote ni mali ya kampuni ya saruji ya Bamburi na hupokea wageni kwa kiingilio, na Kaya Kinondo upande wa Diani. Ninaomba mliofika mnilinganishie, hasa kuhusu miti yenyewe, maana karibu kila ninachosoma kinahusu twiga na viboko.

Mzee wa Kisauni

Waalaykum salaam, binti yangu. Kwa mwalimu wa kilimo ningeanza na Haller Park, kwa sababu msitu ule haukuota wenyewe. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe ya kiwanda, ambacho kilianza kuzalisha saruji mwaka 1954, na mawe yalipokwisha kuchukuliwa likabaki shimo jeupe lenye joto kali, lisilo na udongo wowote, huku maji ya chumvichumvi yakiwa karibu chini ya miguu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kampuni hiyo, alijaribu kupanda humo aina 26 za miti, na zilizostahimili zikawa 3 tu, mvinje ukiwa ndio uliofaa kuliko yote.

Sehemu itakayomfurahisha mama ni hii inayofuata. Mizizi ya mvinje ina vinundu vyenye vijidudu vinavyochukua nitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo mti huo unaweza kukua mahali ambapo mingine hufa njaa; lakini majani yake membamba yalianguka na kurundikana bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Ndipo walipoletwa jongoo wenye miguu myekundu, ambao waliyatafuna majani hayo, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji ambayo baadaye iliwezesha kupandwa kwa miti mingi ya asili. Mama akimwona jongoo njiani, watoto waambiwe wasimkanyage, kwani huyo ni mfanyakazi wa zamani zaidi kuliko walinzi wote wa pale mlangoni.

Vijia vingi ni tambarare, kwa kuwa mnatembea kwenye sakafu ya machimbo ya zamani. Nendeni asubuhi, na mbebe vitambulisho, kwani kiingilio cha raia hutofautiana na cha wageni.

Bahari Shwari

Ninakubaliana na Mzee kuhusu historia, lakini si kuhusu mahali pa kuisimulia. Nilimpeleka shangazi yangu Haller Park wakati wa likizo, na kila tulipotaka kusimama chini ya mti tulijikuta katikati ya msafara wa wanafunzi wanaokimbilia kuwalisha twiga. Mwongozaji naye alitusimulia zaidi habari za Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi mnamo Desemba 2004 na kuandamana na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Ni habari ya kweli na watoto wataipenda, ila shangazi alitoka bila kuujua hata mti mmoja kwa jina.

Forest Trails ina asili ile ile ya machimbo na mvinje, nayo iko kando ya barabara hiyo hiyo ya kwenda Malindi, lakini huko watu huenda kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Ukimya wake ndio unaonirudisha. Mchague njia fupi tu, kwa sababu nyingine ni ndefu kwa mtu wa umri wa mama.

Mwana wa Kaya

Naomba kusahihisha jambo moja kabla hatujaendelea. Kaya Kinondo si bustani, na wala haina mmiliki kwa maana ya hizo mbili. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo, wa takriban hekta 30, unaolindwa na wazee wa kaya, na ni miongoni mwa misitu ya Wamijikenda iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2008. Mgeni huingia na mwongozaji wa hapo kijijini, hufungwa shuka nyeusi kiunoni, huvua kofia, na hatoki na chochote, hata jani lililoanguka.

Kwa upande wa miti, hakuna ulinganisho. Kule Bamburi mtaona msitu wa miaka hamsini na kitu. Huku mtaona mizizi mikubwa iliyokumbatia mawe ya matumbawe na mitambaazi minene kama paja la mtu mzima, na mwongozaji atawaeleza kila mti unatibu nini. Hata hivyo ardhi ina mawe na mizizi, kwa hiyo mama avae viatu vya kufunga na awe na fimbo.

Mpenda Ndege

Kwa kifupi: msiongeze Nguuni katika orodha. Ni pazuri jioni kwa ndege, mbuni na pofu, lakini ni nyika zaidi kuliko msitu.

Mzee wa Kisauni

Bahari Shwari amenishawishi nusu. Nendeni Haller Park siku ya kazi, shule zikiwa zimefunguliwa, na mwambieni mwongozaji tangu mlangoni kwamba mmefuata miti. Watoto hawatavumilia saa mbili za mvinje mtupu bila mnyama.

Binti Mvita

Ahsanteni sana. Nimemsomea mama majibu yenu kwa simu, naye aliposikia habari za jongoo alicheka kisha akaniuliza maswali manne ambayo sikuweza kuyajibu. Tutakwenda Haller Park Jumanne asubuhi pamoja na watoto, na Alhamisi mimi na mama peke yetu tutakwenda Kinondo kwa kupitia Dongo Kundu, ili asisimame kwenye foleni ya feri ya Likoni. Forest Trails nitakwenda mwenyewe siku nyingine. Ndugu Mwana wa Kaya, mama anauliza kama anaweza kuja na kaniki yake mwenyewe.

Mwana wa Kaya

Shuka hutolewa pale pale, lakini mzee akija na kaniki yake hakuna atakayemkataza. Mfikishieni shikamoo yangu.