Mjadala: Programu ya kilimo imweleze mkulima sababu, au imwambie tu "nyunyiza leo"?

Hoja: Programu za simu za tahadhari ya bakajani chelewa (ugonjwa unaotia madoa na kuozesha majani ya viazi) hutuma amri kavu. Je, kila amri ije na sababu yake?

Muuza pembejeo, Uyole: Sababu ni mzigo. Mtu yuko shambani, bomba mgongoni. Anataka kujua dawa gani, kipimo gani, leo au kesho. Basi.

Mtengeneza programu, Mbeya mjini: Hapo ndipo hasara inapoanzia. Dawa ya mancozeb hukinga jani, haiponyi. Usipoandika "kabla madoa hayajaonekana", atangoja aone madoa ndipo apige, kisha atasema programu ni ya uongo. Maneno matatu tu hayo!

Afisa ugani, Iringa: Sawa, ila sababu ipi? Vigezo vya Hutton vya kutabiri bakajani kwa hali ya hewa, vilivyotoka Uskoti 2017, vinataka siku 2 mfululizo: joto lisishuke chini ya nyuzi 10, na unyevu wa hewa ufike asilimia 90 kwa saa 6 au zaidi kila siku. Ukimwaga yote hayo, nani atasoma? Lakini kifuku kikikolea kule milima ya Uporoto, vigezo vinaweza kutimia wiki nzima. Anayeoneshwa sababu atatambua kuwa tahadhari ya leo ni ileile ya jana, hatarudia dawa bure.

Muuza pembejeo, Uyole: Na mwenye kitochi je? SMS moja ni herufi 160, ukurasa wa USSD (menyu ya nyota na reli) 182.

Mtengeneza programu, Mbeya mjini: Amri itangulie, sababu fupi ifuate, maelezo marefu yakae chini ya "Kwa nini?" Kwenye USSD, abonyeze 2. Na msitie emoji: moja tu, SMS inashuka hadi herufi 70.

Mwalimu wa TEHAMA, Mbeya: Mnaisifu sababu mno. Mwanasaikolojia Ellen Langer na wenzake, 1978, walijaribu kwenye mashine ya fotokopi. Kwa ombi dogo la kupishwa kwenye mashine, sababu tupu ("kwa kuwa nataka kutoa kopi") ilikubaliwa asilimia 93, ya kweli 94, bila sababu 60. Kwa hiyo "mfumo umegundua hatari" inamlainisha mtu bila kumweleza chochote. Sababu isiyokagulika shambani ifutwe.

Muuza pembejeo, Uyole: Akague kwa nini, mwalimu? Kipimajoto hana.

Afisa ugani, Iringa: Macho anayo. Andikeni: "Majani yamelowa hadi saa 4 asubuhi, siku 2 sasa." Akikuta makavu, asipige, na programu impe kitufe cha kusema hivyo.